Devil's Lake, Wisconsin: kambi ya siku tatu, watu kumi, tujipange vipi?

Msafari_Tisa

Wakuu, salaam.

Tunapanga kupiga kambi hifadhi ya jimbo ya Devil's Lake, pale karibu na Baraboo, Wisconsin, Julai mwakani. Kuingia Ijumaa, kuondoka Jumapili, tukitokea Chicago na magari mawili. Tuko familia mbili: watu wazima watano na watoto watano. Mtoto mdogo ana miaka miwili, mkubwa kumi na minne. Mmoja wa wazee ni mama mkwe, ambaye goti lake na vilima haviongei. Ameshauliza pia kwa nini tunampeleka kwenye ziwa la Ibilisi wakati Marekani ina maziwa mengine.

Vifaa: hema moja jipya limeandikwa "watu sita", halijafunguliwa kwenye mfuko. Jiko la gesi la mafiga mawili. Kuni tunazo nyingi uani, mti ulikatwa mwaka jana, tunafikiria kupakia buti zima la gari.

Maswali yangu: tuchukue kambi ipi kati ya zile tatu, na viwanja vingapi? Ziwa ni salama kwa watoto? Njia zipi za kutembea zinafaa na zipi tuziache? Na nini huwa kinaharibika kule ambacho tovuti haisemi?

Lango_Kaskazini

Karibuni. Nianze na nafasi, maana safari nyingi za Devil's Lake hufia hapo kabla hata hema halijanunuliwa.

Wisconsin hufungua uwekaji nafasi miezi 11 kabla ya siku ya kuingia. Mkitaka kuingia tarehe 9 Julai, dirisha lenu linafunguka tarehe 9 Agosti mwaka huu. Hii ndiyo hifadhi ya jimbo inayotembelewa kuliko zote Wisconsin, na viwanja vyake zaidi ya 400 hukauka mapema kwa wikendi za kiangazi. Anayesubiri hadi masika "aone hali ya hewa" hukuta vimebaki vya katikati ya wiki tu. Mkichelewa, chungulieni mfumo kila siku wiki mbili tatu za mwisho, watu hufuta. Au ingieni Jumapili mtoke Jumanne. Ziwa ni lile lile, watu ni nusu.

Mkikosa kabisa, kuna Mirror Lake, hifadhi nyingine ya jimbo upande wa Wisconsin Dells, si mbali. Pigeni kambi kule, mje Devil's Lake mchana.

Idadi: chukueni viwanja viwili. Familia moja ina kanuni yake, lakini kundi la watu mchanganyiko mwisho wake ni watu 6 kwa kiwanja, na ninyi ni familia mbili. Tafuteni vinavyopakana kwenye ramani ya mfumo, kila familia iandikishe kwa jina lake. Hata kanuni ingewaruhusu, mahema ya watu kumi hayaenei kwenye kiwanja kimoja bila mtu kulala juu ya mizizi.

Kambi tatu:

Quartzite ilikuwa uwanja wa gofu zamani, na bado inaonekana hivyo. Iko wazi, nyasi, kivuli kidogo. Uzuri wake ni kwamba mnatembea hadi ufukweni kaskazini kwa miguu, na ardhi ni tambarare. Ubaya: Julai saa nne asubuhi hema limeshakuwa tanuri, na jirani anaona mnachopika.

Northern Lights nayo iko karibu na ufuko, ina miti kuliko Quartzite. Kwa kundi lenye mzee na mtoto mdogo, ningeanzia hapa.

Ice Age ina msitu na faragha zaidi, lakini viwanja vyake havina umeme na ufuko uko mbali zaidi. Ni nzuri kwa vijana wenye miguu, si kwa anayebeba mtoto, taulo na kikapu.

Ada ya kiwanja na ada ya gari ni vitu viwili tofauti. Kila gari linahitaji kibali chake cha kuingia, na gari lenye namba za Illinois hulipa zaidi ya lenye namba za Wisconsin. Kwa siku tatu na magari mawili, pigeni hesabu ya vibali vya siku, mlinganishe na kibali cha mwaka kabla hamjalipa. Wengi hulipa siku moja moja, halafu wanagundua Jumapili.

Tena, andikeni lango la kaskazini kwenye ramani ya simu, si jina "Devil's Lake" peke yake. Kambi zote tatu za familia ziko upande wa kaskazini. Ukielekezwa ufuko wa kusini, hakuna barabara ya kukuvusha kando ya ziwa: upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni jabali na reli. Inabidi utoke nje uzunguke. Mtandao wa simu ndani ya bonde ni wa kubahatisha, kwa hiyo uthibitisho wa nafasi upigeni picha mkiwa bado mjini.

Kiwanja kinapokelewa kuanzia saa tisa alasiri. Jumamosi, mkishaegesha magari yenu kambini, yaacheni hapo hapo. Maegesho ya wageni wa mchana hujaa kabla ya adhuhuri siku za joto, na aliyetoka kununua barafu anaweza kurudi akakuta foleni ya magari langoni.

FundiHema

Hema la "watu sita" ni la watu sita waliolala kama samaki kwenye kopo, takriban sentimita 60 kila mmoja, bila begi hata moja. Kwa matumizi ya kweli ni la watu wanne. Ninyi mnahitaji la pili la ukubwa huo huo, na dogo la watu wawili kwa mama mkwe, ambaye pia atashukuru kitanda cha kukunja cha kambi. Kuinuka kutoka sakafuni na goti bovu ni adhabu mara tatu kwa usiku.

Lifungueni nyumbani kabla ya safari. Lisimamisheni, hesabuni nguzo na mambo (vile vigingi vya kufungia hema ardhini), kisha mlimwagie maji ya bomba kwa dakika kumi huku mtu mmoja yuko ndani na tochi akiangalia mishono. Mishono ikivuja, pakeni gundi ya mishono na mwache ikauke siku nzima. Anayefanya zoezi hili mara ya kwanza saa mbili usiku, mvua inanyesha, kwa kawaida hugundua kwamba turubai la juu limewekwa kichwa chini.

Mambo yanayokuja na hema ni ya waya mwembamba. Udongo wa viwanja vile umeshindiliwa na mawe na magurudumu ya miaka, yanapinda. Nunueni ya chuma ya sentimita 20 hadi 25, na nyundo ya mpira. Yapigeni yakiegemea nje, mbali na hema, ili kamba ivute dhidi ya ardhi na isiyang'oe. Na kamba za pembeni zifungwe zote, hata kama mbingu ni bluu. Dhoruba za kiangazi pale huja na upepo kabla ya tone la kwanza, na hema lisilofungwa kamba huwa tanga.

Shuka la chini la plastiki lisichomoze nje ya hema hata kidogo. Likichomoza linakinga maji ya mvua yanayoteremka kwenye kuta na kuyapeleka chini ya migongo yenu. Likunjeni liwe dogo kuliko sakafu kwa sentimita tano kila upande.

Asubuhi mkikuta ukuta wa ndani umelowa, msililaumu turubai kwanza. Ni pumzi. Watu wanne wakifungiwa usiku kucha hutoa maji ya kutosha kulowesha kitambaa chote. Fungueni matundu ya juu na muache dirisha moja wazi chini ya turubai.

Magodoro ya hewa: usiku wa Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 12 za Selsiasi, hewa ya ndani inajikunja, na saa tisa usiku mtu anadhani limetoboka. Lijazeni tena jioni baada ya jua kuzama. Hewa hiyo hiyo pia hunyonya joto la mgongo, kwa hiyo wekeni blanketi juu ya godoro, si juu ya mtu peke yake.

Jiko halipikiwi ndani ya hema wala kwenye varanda yake iliyofungwa, hata kwa chai ya dakika tano. Jiko hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu.

Kasia_Moja

Mimi nijibu ziwa.

Ni dogo, ekari 360 hivi, na kina kinachofika takriban mita 14. Fukwe za mchanga ziko mbili, kaskazini na kusini. Mashariki na magharibi ni mawe ya kwatsaiti yaliyoporomoka hadi majini, na hayo si mahali pa mtoto: yana makali, na yakilowa huteleza kama sabuni.

Hakuna waokoaji wanaolinda fukwe. Maboya yaliyofungwa kamba yanaonyesha eneo la kuogelea, basi, wengine ni ninyi. Pangeni zamu ya kuangalia kwa majina. Mtu mmoja, dakika 20, simu mfukoni, kisha anamkabidhi mwingine kwa mdomo. Watu wazima watano wanaoangalia wote kwa pamoja ni sawa na hakuna anayeangalia. Mtoto wa miaka miwili awe umbali wa mkono, na avae jaketi la kuokolea maisha lililopimwa kwa uzito wake, lenye mkanda unaopita kati ya miguu. Vile vibofu vya mikononi si kifaa cha usalama. Hupasuka, huchomoka, na humfundisha mtoto kusimama wima majini, mkao ambao ndio wa kuzama.

Vitu vya kuelea vya plastiki, yale maduara na magodoro, mviache ufukweni upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ziwa limekaa kati ya majabali mawili ya futi 500, na upepo wa kaskazini au kusini hupita pale kama kwenye korido. Mtoto juu ya duara hana breki.

Injini za petroli haziruhusiwi, za umeme tu. Ndiyo maana maji yametulia na ni mazuri kwa kayaki. Za kukodi zipo wakati wa msimu. Kila aliyemo chomboni lazima awe na jaketi lake lililoidhinishwa, hata kwenye ubao wa kusimama. Liwe mwilini, maana jaketi lililolazwa miguuni halivaliki ukiwa umeshaanguka. Chini maji hubaki baridi hata Agosti. Anayezamia ghafla baada ya kuota jua huvuta pumzi bila hiari, na akivuta akiwa chini ya maji, tabu huanza.

Sasa lile ambalo tovuti huliweka pembeni: muwasho wa waogeleaji. Kuna kimelea kidogo cha ndege wa majini na konokono ambacho hukosea njia na kuingia kwenye ngozi ya binadamu. Kinafia pale pale, hakiambukizi mtu kwa mtu, lakini vipele huwasha siku kadhaa. Hukaa zaidi kwenye maji ya kina kifupi yenye joto, yaani hasa mahali watoto wadogo wanapochezea. Dawa ni mwendo: wakitoka tu majini, wasuguliwe kwa taulo kavu papo hapo, kisha bafuni. Kuwaacha wakauke juani ndiko kunampa kimelea muda wa kupenya. Msiwalishe bata na bata bukini karibu na ufuko, kwa sababu hiyo hiyo.

Siku za joto kali na utulivu tazameni rangi. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, hakuna kuogelea, na mbwa pia asinywe. Ziwa hili halina mto unaotoka, kwa hiyo fosforasi ya zamani, ambayo hulisha mwani huo wa kijani, ilikuwa imejilimbikiza chini. Tangu 2002 kumekuwa na bomba la kuvuta maji ya chini kabisa na kuyatoa nje ya ziwa ili kuipunguza. Mbinu ya kifundi nzuri sana, ikiwa kuna mtoto anayependa sayansi kwenye msafara.

Uvuvi: kuanzia umri wa miaka 16 unahitaji leseni ya Wisconsin, na ukitaka trauti unaongeza stempu yake. Wikendi kamili ya kwanza ya Juni huwa bure kuvua na bure kuingia, lakini ninyi mnakuja Julai.

Radi ikisikika, wote nje ya maji, na dakika 30 zihesabiwe upya kila ngurumo. Kaeni ndani ya gari au jengo la vyoo na mabafu. Hema si kimbilio.

Na kwa mama mkwe: wenyeji wa asili, Waho-Chunk, wanaliita kwa lugha yao jina lenye maana ya Ziwa Takatifu. Huyo Ibilisi aliletwa na wageni.

Kwatsaiti

Njia za miguu. Vibao vyao vinaandika maili, nami nitafuata vibao.

Kwa goti bovu na miguu mifupi: Grottos, upande wa kusini, ni tambarare, inapita chini ya jabali na ina kivuli. Nendeni kwa gari hadi kusini mapema Ijumaa jioni au Jumapili asubuhi, si Jumamosi mchana. Tumbled Rocks, maili moja kando ya maji upande wa magharibi, haina mlima lakini inapita katikati ya mawe makubwa na sakafu yake haiko sawa. Mtu mzima mwenye fimbo anaweza kwenda robo ya njia na kurudi akiwa ameshaona uzuri wote. Kigari cha mtoto kiacheni, mbebeni mgongoni.

Kwa wale wakubwa: Balanced Rock, kutoka kusini, ni maili 0.4 tu, na hapo ndipo watu hudanganyika. Ni ngazi za mawe tupu, zimesimama, nyingi zikiwa kazi ya vijana wa serikali wa miaka ya 1930. Kupanda ni jasho, kushuka ndiko kunavunja watu. Pandeni kwa Balanced Rock, tembeeni juu, mshuke kwa East Bluff kuelekea kaskazini, ambako mteremko ni mpole zaidi na mnatokea karibu na kambi. Kurudi kwa gari lililobaki kusini ni Tumbled Rocks. Mzunguko huo ni nusu siku mkiwa na watoto, na maji yawe lita mbili kwa kila mkubwa. Juu hakuna bomba.

Hakuna uzio kwenye ukingo wa majabali. Watoto wa chini ya miaka minane washikwe mkono, si "watembee karibu". Jiwe lile ni la kale mno, zaidi ya miaka bilioni 1.5, limesuguliwa likawa laini kama kioo sehemu zilizokanyagwa. Mvua ya usiku ikiwa haijakauka, ahirisheni hadi saa tano asubuhi. Raba zenye nyayo zilizoisha zibaki kambini.

Msipite relini kama njia ya mkato upande wa mashariki. Reli ni hai, treni ya mizigo hupita, na kona haionyeshi mbali. Ni kosa kisheria pia.

Mkiona vilima vidogo vya udongo vyenye umbo la ndege au mnyama, ni kazi ya watu wa kale na ni mahali pa heshima. Msivipande kwa ajili ya picha.

Nyoka wa kengele wapo kwenye majabali ya eneo hilo, ingawa ni wachache na ni waoga. Kanuni ni moja tu: mkono hauingii kwenye ufa usioonekana ndani.

Kupe_Hapana

Wakuu wamesahau wadudu.

Wisconsin ina kupe wa kulungu wanaobeba ugonjwa wa Lyme, na Julai bado kuna wale wachanga wenye ukubwa wa mbegu ya ufuta au chini ya hapo. Nguo zipulizwe permethrini (dawa ya kuua kupe) ya asilimia 0.5 siku moja kabla, zikauke kabisa (nguo, si ngozi). Ngozini tumieni DEET, dawa ya kufukuza wadudu, ya asilimia 20 hadi 30. Suruali iingie ndani ya soksi. Najua vijana hawatakubali.

Kila jioni ukaguzi: nyuma ya magoti, kinena, kitovu, makwapa, nyuma ya masikio, ndani ya nywele. Aliyenasa ashikwe kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Hakuna mafuta, hakuna kiberiti, hakuna rangi ya kucha. Kumkera kupe humfanya ateme zaidi. Kwa kawaida anahitaji zaidi ya saa 24 akiwa amenasa ili aambukize, ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni unafaa kuliko dawa yoyote. Andikeni tarehe. Doa jekundu linalopanuka au homa ndani ya mwezi mmoja, daktari. Mkifika nyumbani, nguo kavu zizungushwe kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali dakika 10 kabla ya kufuliwa.

Pia mmea unaowasha ngozi, wa majani matatu matatu, poizoni aivi, uko kando ya njia nyingi. Aliyegusa aoshe kwa sabuni na maji mengi haraka, na kamba za viatu zioshwe pia, mafuta yake hukaa.

Lango_Kaskazini

Nimerudi kwa ajili ya kuni, kwa sababu nimeona "buti zima" na nimeshtuka.

Kuni za uani kwenu haziingii. Kanuni ya Wisconsin ni kwamba kuni ziwe zimetoka ndani ya maili 10 kutoka kwenye hifadhi, au ziwe zimethibitishwa na kuwekwa lebo. Sababu si urasimu: chini ya gome husafiri viluwiluwi vya mdudu anayetoboa miti iitwayo ash kwa Kiingereza, na yeye ameshaua miti hiyo kwa mamilioni Amerika Kaskazini. Nunueni pale pale au kwa wauzaji wa jirani.

Furushi moja la dukani huwaka saa moja hadi moja na nusu. Jioni moja ni mafurushi mawili, na la tatu mkitaka kukaa hadi usiku. Gawanyeni mapande mawili matatu kuwa vijiti vya unene wa kidole kwa kishoka kidogo, la sivyo mtapuliza moshi nusu saa. Moto uwe ndani ya duara la chuma pekee. Kuzima: maji, koroga, maji tena, kisha weka kiganja karibu. Kikisikia joto, bado. Udongo peke yake huficha makaa, hauzimi.

Msitegemee moto huo kupikia chakula cha watu kumi. Kichupa cha propani cha ratili moja kina nguvu ya takriban BTU 21,600 (BTU ni kipimo cha joto), na mafiga mawili ya BTU 10,000 kwa saa kila moja yakiwa wazi kabisa humaliza kichupa kwa muda wa saa moja hivi. Kwa milo mitano, chukueni vichupa vinne na kikingio cha upepo. Upepo mdogo tu hula nusu ya joto. Au nunueni bomba la kuunganishia mtungi mkubwa, ni nafuu zaidi.

Kupe_Hapana

Na rakuni, wale wanyama wadogo wa usiku wanaoiba chakula! Wa Devil's Lake wamesoma. Wanafungua vifuniko vya masanduku ya barafu na wanajua zipu. Chakula chote, dawa ya meno, maziwa ya mtoto na mfuko wa taka, ndani ya gari, milango imefungwa, kila mnapoondoka na kila mnapolala. Hemani hata biskuti moja isilale.

Msafari_Tisa

Nawashukuru sana. Nimefuta kuni, nimeongeza mahema mawili na viwanja viwili, na nimeweka kengele ya simu ya Agosti.

Moja limebaki. Mama mkwe hutumia mashine ya kusaidia kupumua usingizini, na bila hiyo halali. Inawezekana kambini, au tumtafutie hoteli Baraboo?

FundiHema

Inawezekana bila shida. Kimoja kati ya viwanja viwili kiwe cha umeme, Northern Lights au Quartzite, na kwenye mfumo chujeni kwa neno hilo kabla ya kuchagua. Ice Age itoeni kwenye orodha.

Nguzo ya umeme huwa pembeni ya kiwanja, imewekwa kwa ajili ya magari ya kulala. Soketi za kawaida huwa zipo, lakini bebeni na kigeuzi cha ampea 30 kwenda 15 ili mkikuta moja kubwa tu msikwame. Waya wa nje, wenye ala nene, mita 15. Uingizeni hemani kupitia kitundu cha chini kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, si chini ya zipu, na ulegezeni uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke pale na yasifuate waya hadi ndani. Kiungio kisigusane na ardhi. Mashine iwe juu ya kisanduku, mbali na ukuta unaotoa jasho, na kichungi chake kiangaliwe asubuhi, vumbi la kambi ni jingi. Maji ya kifaa cha unyevu yawe yale yaliyosafishwa kwa mvuke, lita mbili zinatosha.

Umeme ukikatika kwa dhoruba, betri ndogo ya kubeba huiendesha usiku mzima ukizima kipasha unyevu, kwa sababu hicho ndicho kinachokula umeme mwingi. Ijaribuni nyumbani usiku mmoja kamili. Jenereta msilete. Saa za ukimya zinaanza saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.